Wili ya 26, 27.5, 29, 700 ama 28 ya Black Mamba: uchukue gani ukiwa waendesha Mombasa

Watu wengi wakienda kununua baiskeli wanaangalia rangi, gia ngapi, shoka (zile springi za kunyonya mtikisiko) ziko mbele tu ama mpaka nyuma, alafu bei, bas. Saizi ya wili inakuja kujulikana siku ya pancha ya kwanza, umesimama Bombolulu jua la saa saba liko utosini, fundi ageuza taya, yaani tairi, mara mbili akwambia tyubu ya hii sina, jaribu mjini. Mimi nakaa Mshomoroni na kazi yangu iko mjini, napita daraja la Nyali kwenda na kurudi siku sita kwa wiki, nshakuwa na ya 26, nshakuwa na ya 700, saivi niko na 29, na ile 28 ya Black Mamba, baiskeli nyeusi nzito ya mzigo, nimekulia kwenye keria yake manake ndo babu alikuwa akinipeleka nayo chuoni. Kila mara kuna mtu aniuliza achukue gani na mimi namrudishia maswali, kwa hivo wacha niyaweke yote hapa.

Mambo ya kupima kabla ya kutoa pesa

Njia. Hesabu njia unayopita kuanzia mlangoni kwako, usihesabu barabara kubwa peke yake. Mtu wa Nyali aweza kutoka kwake mpaka Markiti asiguse mchanga hata mara moja, mtu wa Mtopanga ana kipande kizima cha mchanga na mawe ya matumbawe kabla hajaiona lami, na wote wawili ukiwauliza watakwambia naendesha kwenda mjini.

Mwili. Simama baiskeli ikiwa katikati ya miguu, nyayo zote mbili zimelala chini. Kama bomba la juu lakugusa, hiyo ni kubwa kwako hata kama ni nzuri vipi, na wili kubwa mara nyingi huja na fremu iliyoinuka.

Mzigo. Wewe mwenyewe tu, mtoto nyuma, ama mitungi minne ya maji ya lita 20, ambayo ni kilo 80 kabla wewe hujapanda.

Spea. Hili watu hawaliulizi kabisa na mimi naliweka juu sana. Nenda kwa fundi wa mtaani kwako kabla hujalipa, muulize ana tyubu za saizi gani leo hii, kwenye kile kibanda chake. Atakalokujibu ni muhimu kuliko la muuzaji.

Upepo. Taya nyembamba yataka upepo mwingi, pana yavumilia upepo mdogo. Angalia na valvu pia. Ile nene kama ya gari wajaza kituo chochote cha petroli, ile nyembamba yenye kikofia cha kufunguliwa juu yataka adapta, na ile ya Black Mamba ina kimpira kidogo ndani ambacho kwa joto letu hili huoza, ikiwa taya yatoa upepo polepole na pancha haionekani anza kutafuta hapo.

Inchi usiziamini, soma nambari ndogo

Hapa ndo pesa za watu zapotelea kwa hivo nitakaa kidogo. Ile inchi iliyoandikwa kubwa ni jina la zamani tu, yakaribia ukubwa wa taya kwa nje ikiwa imejaa upepo, haikwambii taya yashika rimu wapi. Nambari ya kuamini ni ile ndogo ubavuni yenye kistari katikati, mfano 50-559. Ya kwanza ni upana wa taya kwa milimita, ya pili ni kipenyo cha pale taya inapokaa kwenye rimu, na hiyo ya pili lazima ilingane, hakuna karibu karibu.

Mdogo wangu wa kike alipata baiskeli ya mtumba, ile ya kike bomba limeinama, apanda na buibui lake bila shida. Taya ya nyuma ikapasuka. Nikaingia duka moja mjini nikasema nipe taya ya 26, wakanipa ya 26, nikalipa nikatoka. Kufika kwa fundi, mzee wa miaka mingi kwenye kazi hii, akaipaka maji ya sabuni akahangaika nayo na vijiko viwili kama robo saa, upande huu waingia ule watoka, mwisho tyubu ikatoboka. Akaitoa, akalaza taya ya zamani chini kwenye saruji, akaiweka mpya juu yake zikiwa katikati sawasawa, akaniita nikainama. Ukingo wa ndani wa ile mpya ulikuwa umeingia ndani ya ule wa ya zamani na nafasi ya kidole kimoja yazunguka duara zima. Nikamwambia mzee wangu, si zote ni 26? Akanijibu, "Mwanangu, jina moja, rimu mbili," akapangusa vumbi ubavuni kwa kidole gumba nikasoma 37-590 kwa hii na 50-559 kwa ile. Milimita 31 tofauti. Nikarudi dukani wakakataa kuichukua kwa sababu ishaguswa sabuni, na kusema kweli iliniuma, manake muuzaji ndo alifaa aniulize 26 gani.

Kwa hivo kaa na hizi kichwani ama uzipige picha. 26 ya mauntini, yaani baiskeli za milimani, ni 559. 26 x 1 3/8 ya hizo za kike za zamani ni 590. 27.5 ni 584. 29 ni 622, na 700C pia ni 622. 28 x 1 1/2 ya Black Mamba ni 635. Alafu jihadhari na desimali na sehemu, 26 x 1.75 na 26 x 1 3/4 kwa hesabu ya darasani ni kitu kimoja lakini kwenye rimu ni taya mbili tofauti, haziingiliani.

26 ya mauntini

Hii ndo iliyojaa mitaani. Ni ndogo kwa hivo ni nyepesi kuondoka ukisimama, yageuka haraka, na pale Kongowea ambapo tuktuk yakata mbele yako na matatu yasimama bila taarifa utaona faida yake, wasimama waondoka wasimama waondoka na mguu hauchoki. Ubaya ni mashimo. Wili ndogo yazama ndani ya shimo zaidi kabla haijapanda, na mikono ndo yapokea. Pia kwenye mwendo mrefu, taya ya 26 x 1.95 yaenda kama mita 2.05 kwa mzunguko mmoja, ya 29 x 2.1 kama mita 2.29, ukienda kilomita 10 ile ndogo imezunguka mara 500 zaidi. Gia zasawazisha mambo mengi hapo, usifikiri utapiga pedeli mara 500 zaidi, lakini kila jiwe na kila kiungo cha kabro, yale matofali ya barabarani, utakisikia zaidi.

Kwa mwili, yamfaa mtu mfupi na wa kimo cha kati, na kijana ambaye bado akua. Kwa mzigo wili yenyewe ni ngumu kwa sababu spoki zake ni fupi, ikipigwa upande haipindi kirahisi, ila keria za hizi za mauntini mara nyingi ni dhaifu, angalia skrubu. Spea sina la kusema, kila fundi anayo, mpya na mitumba, usiku na mchana. La kujua tu ni kwamba kampuni kubwa za ng'ambo zishaacha kuitia kwenye baiskeli zao za bei ya juu, kwa hivo ukiona 26 mpya kabisa yenye maneno mengi ya sifa, angalia vyuma vyenyewe kwa makini, spoki na habu, kile kitovu cha wili, hasa.

27.5

Wauzaji wapenda kusema hii iko katikati ya 26 na 29. Si katikati hasa, ukitoa 559 kwenye 584 wapata 25, ukitoa 584 kwenye 622 wapata 38, kwa hivo hii yaelekea kwa 26 zaidi. Barabarani yapita mashimo vizuri kidogo kuliko 26 na bado yageuka haraka, mchangani pia sawa ukiwa na taya pana. Mwili, yawafaa watu wengi sana, pengine ndo saizi rahisi zaidi kumpata mtu akae vizuri bila kuhangaika. Mzigo wa kawaida haina shida.

Tatizo lake kwetu hapa ni spea. Mjini utapata, kwenye maduka makubwa ya baiskeli utapata, ila fundi wa chini ya mwembe Mtongwe ama Jomvu aweza kukosa. Ukiinunua nunua na tyubu mbili za ziada siku hiyo hiyo, uziweke nyumbani mahali pa kivuli, na hapo haitakusumbua. Mimi sioni sababu ya mtu kuikataa akiwa yuko tayari kwa hilo.

29

Ndo niliyo nayo sasa kwa hivo naisema kwa mapenzi lakini nitajaribu kuwa mkweli. Wili kubwa yapanda jiwe ama ukingo wa shimo kwa mteremko wa taratibu zaidi, yaani pale ambapo 26 inagonga hii yapanda. Ile njia yangu ya asubuhi kutoka nyumbani mpaka lami, yenye matumbawe yametokeza kama meno, nilikuwa nashuka nasukuma na baiskeli ya 700, saivi napita nimekaa. Ikishashika mwendo haitaki kusimama, na ukiwa kwenye barabara ya Malindi asubuhi mapema yapendeza mno.

Sasa upande wa pili. Ni nzito kuondoka. Ukikaa Mji wa Kale na wapandisha baiskeli ngazi kila jioni kwenye nyumba zile za ghorofa, ama wapita vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja ajibanza ukutani, urefu wake utakukera. Kuitia kwenye tuktuk siku imeharibika ni kazi. Mtu mfupi aweza kuipata ya fremu ndogo lakini ukipinda kona kali wakati mwingine ncha ya kiatu yagusa taya ya mbele, jaribu hilo dukani, geuza handeli mpaka mwisho na pedeli iko mbele. Spoki ni ndefu kwa hivo rimu ya bei rahisi yapinda, na mzigo mzito wa nyuma mimi sikushauri.

Spea zimeanza kuenea, na kuna msaada mmoja, kwa sababu 29 na 700C zote ni 622 tyubu ya 700 ile pana ya milimita 35 mpaka 45 yaweza kukufikisha nyumbani ukikosa ya 29, yavutika kidogo lakini yafika. Nimeshafanya hivo na nikaendesha nayo wiki mbili. Pia ukichoka na taya pana waweza kutia taya ya 622 nyembamba zaidi ya barabarani kwenye rimu hiyo hiyo, bora upana wa rimu uruhusu.

Watu wapenda kubishana 27.5 na 29 ipi yashinda, na hata wakubwa wa mchezo wenyewe hawakukubaliana. Olimpiki ya London mwaka 2012, mbio za mauntini, Jaroslav Kulhavý alichukua dhahabu na wili za 29, Nino Schurter akachukua fedha na za 27.5, na walipishana sekunde moja tu.

700C

Hiyo 700 yatoka Ufaransa, zamani ilikuwa ni ukubwa wa wili kwa nje kwa milimita na herufi ilionyesha upana, siku hizi namba imebaki jina tu. Ziko aina mbili na watu wazichanganya. Kuna za mashindano, taya 25 mpaka 32, na kuna zile za mtumba za kuendea kazini, taya 35 mpaka 45, hizi mbili zina tabia tofauti kabisa.

Nyembamba kwenye lami nzuri hakuna kinachoifikia hapa. Mtu wa Mtwapa aendae mjini kila siku na lami yaanzia karibu na mlango wake, hii yamfaa na itamwokoa muda. Ila yataka upepo mwingi, ya 25 hata psi 80 na zaidi, na ukizembea siku mbili tatu ukaingia shimo, rimu yabana tyubu yatoboa matundu mawili ubavu kwa ubavu kama alama ya meno ya nyoka. Hiyo si misumari, ni upepo mdogo, usimlaumu fundi. Mchangani yazama, na zile nafasi za vifuniko vya mitaro mjini zielekeazo mwendo wako zaweza kumeza taya ya 25, pita ukiangalia chini. Mzigo, begi mgongoni na si zaidi sana.

Ile ya 35 mpaka 45 ni mtu mwengine. Kabro sawa, lami sawa, mchanga kidogo wavumilia, keria yachukua mtoto ama gunia dogo. Mimi nadhani watu wa Mombasa waipita bila kuiangalia kwa sababu haina shoka na haionekani ya kishujaa. Kwa mwili ziko za kila kimo, za kike na za kiume. Spea mjini zapatikana, mtaani yategemea.

28 ya Black Mamba

Wanaoidharau hawajabeba kitu. Taya 28 x 1 1/2, rimu ya chuma, na zile za mtindo wa Kiingereza zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, hiyo 40 ndo siri ya mzigo. Mkate, makaa, samaki, madafu, mitungi, yote yapita. Wili ni kubwa kushinda hata ya 29 pale kwenye rimu kwa hivo mashimo yayapita kwa heshima, na fremu imelala nyuma, mgongo wakaa wima. Spea ni rahisi, mjini na mashambani mpaka Kwale na Kilifi ndani ndani.

Ni nzito, gia ni moja, na mtu mfupi kwenye ile ya bomba la juu atateseka. Lakini kubwa kuliko yote ni breki. Zile za vyuma zashika rimu ya chuma, na rimu ya chuma ikilowa breki haishiki kama yapasavyo, mvua ya mwezi wa tano ukishuka mlima na mzigo anza kubana mapema sana. Na chumvi ya hewa yetu yaila chuma, ipanguse, itie mafuta, usiilaze nje.

Mtego wa mwisho uko hapa. Mitumba ya Ulaya mingi imeandikwa 28 lakini ni 622, si 635. Taya ya Black Mamba haiingii vizuri huko na ya huko haiingii huku. Nambari ndogo, tafadhali.

Upana wa taya kidogo

Ukishachagua kipenyo bado wachagua upana, na huu waweza kuubadilisha baadaye. Lami tupu, chukua nyembamba na laini. Mchanga, chukua pana na upunguze upepo, usipite kile kima cha chini kilichoandikwa ubavuni. Yale mameno makubwa ya mauntini kwenye lami yapiga kelele, yala nguvu na yaisha haraka katikati, kama mchanga ni robo tu ya njia yako chukua taya yenye mstari laini katikati na meno pembeni. Na wapendao kuendesha ufuoni Nyali mpaka Shanzu maji yakipwa, taya pana yapita vizuri mchanga uliolowa, ila ukifika nyumbani mwagia maji baridi ya mfereji wili yote, hasa pale spoki zinapoingia kwenye rimu.

Sasa wewe uko wapi

Wakaa kisiwani, wazunguka Tudor, Buxton, Mwembe Tayari, safari fupi fupi za kusimama simama, angalia 26 ama 27.5, na kama nyumba iko ghorofani usijaribu 29.

Watoka Mtwapa, Shanzu ama Miritini na ni lami karibu yote, 700C. Taya ya upana wa milimita 28 mpaka 32 kama una pampu nyumbani na wajaza upepo kila siku chache, ya 35 mpaka 40 kama hutaki kufikiria upepo sana.

Njia yako ina mchanga na matumbawe kila siku na wewe ni mrefu, 29. Njia hiyo hiyo na wewe ni mfupi, 27.5 na tyubu zako mbili za akiba.

Wavuka feri ya Likoni kila asubuhi, hapo kuna lile daraja la chuma la kushukia lenye mteremko, likilowa lateleza na umati uko nyuma yako wasukuma, kwa hivo baiskeli nyepesi ya kusukuma kwa mkono mmoja ni bora, upana wa taya usiwe chini ya milimita 35, na 26 ama 700 pana zote zafaa.

Biashara ya mzigo, 28 ya Black Mamba. Mama ama dada anayetaka kupanda na buibui, zile za bomba lililoinama, ziko za 26 x 1 3/8 na za 700, na hapa mimi ningechukua 700 kama zote mbili ziko mbele yangu kwa bei moja, kwa sababu taya za 590 zaanza kuwa ngumu kupata.

Mtoto, usimnunulie kubwa ati atakua ndani yake, ajifunze kwa inayomfikisha miguu chini.

Na kama bado uko kati ya mbili, azima ya jirani Jumapili asubuhi barabara zikiwa wazi, uipitishe njia yako yote kutoka mlangoni mpaka kazini, alafu siku inayofuata uipande ile nyingine njia hiyo hiyo, usisahau kuangalia upepo kwanza kwa zote mbili.